Kumtendea Mtu Utu

Bibi yangu mzaa mama, pale kwake Tanga, alikuwa na kawa tatu za ukili, na moja haikuwahi kufunika chakula cha nyumbani. Ilikuwa kawa ya kutoka. Watu wakishaswali Magharibi na kiza kimetanda uchochoroni, alipakua wali na mchuzi wa samaki, akaifunika sahani, akaniita. "Njoo mwanangu, wapelekee wa nyumba ya pili. Waambie bibi kasema leo amepika kingi, tusaidieni kisije kikalala." Mimi nilikuwa nimekaa jikoni tangu mchele unachaguliwa, nikajua kwamba hakikuwa kingi. Nikadhani bibi anasema uongo, na jambo hilo likanisumbua. Nyumba ya pili aliishi mjane na watoto wanne. Miaka ilipita kabla sijatambua kwamba yale maneno yalipimwa kwa uangalifu kuliko mchele.

Mtu wa pwani akiona jambo kama lile husema: huyo kafanya utu. Hasemi kaona huruma, ingawa huruma ilikuwamo. Nataka tulitazame neno hili kwa karibu: limeumbwaje, linakwenda na vitenzi gani, linaachana wapi na jamaa zake, na anayetaka kulitenda aanzie wapi. Nakuandikia wewe ambaye kazi yako ni watu, ukiwa muuguzi, mwalimu, mwandishi wa habari au ofisa wa ustawi wa jamii. Na wewe pia ambaye una jirani tu.

Mzizi na vitenzi vyake

Utu ni kiambishi u- na mzizi -tu. Mzizi huo ukivaa m- unapata mtu, ukivaa ki- unapata kitu, ukivaa ji- unapata jitu. Na kiambishi u- ndicho kinachompa mtoto utoto na rafiki urafiki. Kinataja hali ya kuwa vile ulivyo. Kwa hiyo utu, kabla ya mengine yote, ni hali ya kuwa mtu. Ndugu zake wametapakaa: Wazulu wana ubuntu, Waluba wa Kongo wana bumuntu, Waganda wana obuntubulamu, Wanyarwanda wana ubumuntu. Ukiambiwa kwamba wazo hili ni geni lililopandishwa kutoka Afrika Kusini, jibu kwa upole kwamba wewe ulilikuta kwa bibi yako.

Lina maana tatu, na kitenzi ndicho kitakachokuonyesha ipi inakusudiwa. Ya kwanza ni hadhi ambayo kila mtu huzaliwa nayo. Hapo utu huheshimiwa, hulindwa, au hudhalilishwa. "Walidhalilisha utu wake walipomvua nguo mbele ya watu." Ya pili ni tabia: mtu huwa na utu au hukosa utu. "Daktari yule ana utu." Ya tatu ni kitendo: tunafanya utu, tunamtendea mtu utu, na kwa kielezi tunasema amemtendea kiutu. Usiseme "kutoa utu" wala "kupewa utu". Utu si sadaka ya kutolewa mfukoni, na hakuna aliyekabidhiwa ghala la kuugawa.

Hapa lugha yetu ina jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote yaliyomo humu. Neno lilelile linabeba hadhi ya anayetendewa na tabia ya anayetenda. Sasa sikiliza watu wanavyosema pale mtu anapompiga mwenzake aliyefungwa mikono. Hawasemi aliyepigwa hana utu. Wanasema aliyepiga ndiye hana utu. Waswahili waliosema hivyo kwa mara ya kwanza walikuwa wamekwisha kuamua kwamba aibu ya ukatili inamrudia mkatili, na hadhi ya mnyonge haiguswi na kipigo.

Kuna matumizi mawili ya kuepuka kuchanganya. "Utu uzima" ni umri wa mtu mzima. Ndio ule unaosifiwa kuwa ni dawa. Na wasomaji wa Biblia wanakutana na "utu wa kale" na "utu mpya", ambapo utu ni nafsi au namna ya kuishi. Hayo hayana mgogoro na maana tunayoizungumzia, mradi usiyaweke mahali pake.

Huruma, imani, rehema

Huruma humwingia mtu, humshika, humpata. Tunasema nimeingiwa na huruma, kama tunavyosema nimeingiwa na baridi. Utu, kwa upande wake, hufanywa. Unaweza kupita usiku ukamwona mtoto amelala kwenye boksi mbele ya duka, moyo ukakuuma kwelikweli, ukaendelea na safari yako. Uliona huruma, hakuna atakayekukanushia. Lakini hakuna atakayesema ulifanya utu.

Kitazame pia kitenzi tunachokitumia: kumwonea mtu huruma. Liondoe neno huruma, kinachobaki ni kumwonea, yaani kumdhulumu kwa kuwa una nguvu kuliko yeye. Sisemi maana hizi mbili ni moja. Nasema zinapakana, na aliyewahi kuhurumiwa vibaya anaujua mpaka huo. Ndiyo maana nakushauri usimwambie mtu usoni, "Nakuonea huruma." Kwa wengi maneno hayo ni karibu na tusi. Sema "pole". Pole haina juu wala chini: tunampa mfiwa, tunampa aliyetoka safari, tunampa aliyejikwaa njiani, na hata bosi hupewa pole na kazi. Mgonjwa mwambie "ugua pole". Kwa mfiwa wa pwani neno ni "makiwa", na ukishalisema, kaa. Kukaa kimya kwenye jamvi la msiba kwa nusu saa ni maneno mengi.

Ukiwa Unguja, Mombasa au Tanga utasikia pia imani kwa maana ya huruma: "mtu wa imani", "kile kitoto kinatia imani", "huna imani hata kidogo!" Ni matumizi mazuri na ya zamani, nayo yamo katika kamusi. Ila msomaji wa Mwanza au Nakuru akiona umeandika "mwenye nyumba hakuwa na imani", atafikiri habari ni ya dini au ya kuaminiana. Ukiandikia wengi, litie neno katika sentensi inayojieleza.

Rehema ni ya juu zaidi. Inatoka katika mzizi wa Kiarabu uleule uliotupa jina Rahima na neno marehemu. Kwa kawaida rehema hushuka: kwa Mungu kwenda kwa waja. Jirani hamrehemu jirani. Lakini hebu tulia kidogo kwenye marehemu. Asili yake ni aliyerehemiwa, na kila tunapolitamka tunamwombea mema aliyeondoka, hata kama alikuwa mgomvi wa mtaa mzima. Mwandishi wa habari za ajali ana chaguo kila siku kati ya "maiti nne ziliopolewa" na "miili ya marehemu wanne iliopolewa". Herufi chache zinazoongezeka zinawafikia ndugu wanaosoma gazeti lile.

Sheria inasema kibinadamu

Katika mikataba na vyombo vya habari utakuta zaidi neno kibinadamu. Binadamu ni mwana wa Adamu, na kumtendea mtu kibinadamu ni kumtendea kama inavyompasa mwana wa Adamu. Mikataba minne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti 1949 ina ibara ya tatu inayofanana katika yote. Inataka kila asiyeshiriki tena mapigano, awe ameweka silaha chini, ni mgonjwa, ni majeruhi au amekamatwa, atendewe kibinadamu wakati wote, bila kujali rangi, dini, jinsia, kuzaliwa wala mali. Inakataza mateso, kuchukua mateka na vitendo vya kudhalilisha. Katika muktadha huo andika kibinadamu bila wasiwasi. Ndilo neno lililozoeleka, kama katika "misaada ya kibinadamu".

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika sehemu ya haki iliyoingizwa mwaka 1984, inalitaja neno utu lenyewe. Ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na ibara ya 13 inakataza kumtesa mtu, kumwadhibu kinyama na kumpa adhabu za kumtweza. Kutweza ni kitenzi kizuri ambacho tunakiacha kife. Ni kumfanya mtu ajione mdogo. Afisa anayemwacha mzee amesimama saa mbili kwenye foleni kwa sababu ya muhuri mmoja hajampiga wala hajamtukana, amemtweza.

Kibinadamu kina tatizo lake. "Makosa ya kibinadamu" ni yale ya kuteleza, na "udhaifu wa kibinadamu" ni ule wa sisi sote. Na kuna "janga la kibinadamu", ambalo redioni tunalisikia karibu kila siku. Mimi silipendi. Janga halina ubinadamu wowote. Ukiweza, sema kilichotokea: watu laki kadhaa hawana chakula, hawana maji, hospitali zimefungwa. Msikilizaji atawaona watu, na kuwaona watu ndiyo hatua ya kwanza ya kuwatendea utu.

Uungwana na ustaarabu

Maneno haya mawili hutumiwa badala ya utu, na mara nyingi bila madhara. "Si uungwana kumkatisha mtu maneno." Lakini ni vizuri ujue yalikotoka. Katika miji ya pwani ya zamani, muungwana alikuwa mtu huru, mwenye mji, aliyejulikana alikozaliwa. Aliyekabiliana naye alikuwa mtumwa, na wa bara aliitwa mshenzi. Sifa ya muungwana ilikua jirani na soko la watumwa la Unguja, ambalo lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba ikafutwa mwaka 1897. Ustaarabu nao chimbuko lake ni kuwa kama Mwarabu. Watu wa zamani waliona adabu njema kuwa mali ya nasaba fulani na mji fulani. Wengine walipaswa kuipanda ngazi kuifikia.

Maneno hukua, na leo mkulima wa Sumbawanga anaweza kuitwa muungwana na asiwepo wa kushangaa. Silitupi neno hilo. Ila ninapoandika habari ya mtu aliye chini ya mkono wa mwingine, mfungwa, mgonjwa, mtumishi, mkimbizi, nachagua utu. Utu haukuuliza mtu kazaliwa wapi. Mtumwa aliyesimamishwa sokoni alikuwa nao mzima, na mnunuzi aliyemfungua mdomo kukagua meno ndiye aliyekuwa akiupoteza wake. Shaaban Robert, ambaye naye ni wa Tanga, alimwita mhusika wake Utubora na kumfanya mkulima. Riwaya hiyo, Utubora Mkulima, ilitoka mwaka 1968, yeye akiwa amekwisha kufariki. Angeweza kumfanya sultani au tajiri. Alimpa jembe.

Ulimi wako kwanza

Utu huanza katika namna unavyomtaja mtu akiwa hayupo. Ngeli zetu zina nguvu hapa kuliko tunavyofikiri. Mtu ukimtoa katika m- na wa- ukamtia katika ki- au li-, umempunguza au umemtisha: kijitu, lijitu, kizee. Ndiyo sababu kilema aliitwa mlemavu, na sasa tunasema mtu mwenye ulemavu. Zeruzeru limeachwa, na mtu mwenye ualbino limeshika nafasi yake. Teja ni neno la kumfukuzia mtu. Mraibu linamtaja mgonjwa anayeweza kutibiwa. Aliyeitwa mwathirika sasa ni mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, maana anaishi, anafanya kazi, analea.

Lakini usigeuke polisi wa maneno. Viziwi wa Tanzania wamekiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na neno kiziwi kwao ni la fahari. Ukijifanya mwema ukawabadilishia jina bila kuwauliza, umewakosea. Kanuni yangu ni nyepesi: muulize mwenyewe anapenda aitweje, kisha umwite hivyo.

Msichana anayekulelea watoto ana jina. "Dada" linatosha wageni wanapokuwapo. "Beki tatu" ni utani wa wasiolazimika kuuitikia. Na hospitalini, niliwahi kulazwa mahali ambapo mzee wa kitanda cha jirani aliitwa "yule wa nyonga" kwa siku nne mfululizo. Siku ya tano akaingia muuguzi wa zamu mpya, akapiga goti kidogo kando ya kitanda, akasema, "Shikamoo mzee. Leo nitakuosha mimi, unaniruhusu?" Mzee akaitikia marahaba kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia. Maji yalikuwa yaleyale ya ndoo.

Mkono wako baadaye

Hebu anza na ombaomba wa Ijumaa. Akiwa amekuzidi umri, mpe shikamoo kabla ya kumpa sarafu. Asipopata sarafu, shikamoo bado ni yake. Hiyo anadai kwa haki ya mvi zake. Usimrushie hela kwenye kopo ukiwa unatembea. Simama, inama, mpe mkononi.

Ukimsaidia ndugu au jirani, msitiri. Kusitiri ni kufunika, na kawa ya bibi yangu ilifunika mambo mawili kwa pamoja. Tuma ada ya mtoto moja kwa moja shuleni, mzazi asilazimike kuja kuipokea mbele ya wanao. Mpe kazi anayeiweza na umlipe vizuri, ikiwa ipo. Tafuta sababu inayomwachia heshima: nimenunua jozi mbili kwa makosa, mwanangu ameshakua hiki hakimtoshi, njoo unisaidie kula. Wala usimpige picha akiwa ameshika unga wako. Najua mashirika yanadai picha kwa wafadhili, na nimesimama nyuma ya kamera hizo mwenyewe. Unaweza kupiga picha ya magunia. Ukitaka sura ya mtu, muombe faragha, mweleze itaenda wapi, na kukataa kwake kusimpunguzie kilo hata moja.

Kisha unyamaze. Kinachoua utu haraka kuliko yote ni masimango. "Nisingekuwa mimi ungekuwa wapi?" Maneno hayo yakitoka, wali wa miaka kumi umegeuka deni. Ikiwa unahisi huwezi kunyamaza, nakushauri usitoe kabisa, maana aliyenyimwa hulala na njaa siku moja, lakini aliyesimangwa huilala kila siku. Ndiyo maana wazee walisema tenda wema wende zako: uondoke hasa, usibaki pale mlangoni ukingoja kusifiwa.

Na mnyama?

Wengine huniuliza kama ni sahihi kusema umemtendea mnyama kiutu, kwa kuwa mnyama si mtu. Ni sahihi, kwa sababu ileile niliyokwisha kuitaja: katika kitendo, utu ni wa mtenda. Anayelainisha shogi ili isimtoboe punda mgongo anaonyesha utu wake mwenyewe. Lamu, ambako vichochoro havipishi gari na punda ndiye hubeba mchanga na mawe ya kujengea, kuna kituo cha kuwatibu tangu mwaka 1987. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kabla ya sheria hizo, mchinjaji Mwislamu alikwisha kufundishwa kunoa kisu kikate mara moja, asikinoe mbele ya mnyama, na asimchinje mmoja mwingine akitazama.

Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, Adili analazimika kuwachapa manyani wawili kila usiku, na akimaliza huwapangusa machozi na kuwalisha. Nilipoisoma shuleni niliona ni hadithi ya uchawi. Sasa namwona kila mtu ambaye kazi imempa fimbo asiyoitaka, askari jela, karani wa mahakama, mwalimu wa zamu, na najiuliza anafanya nini baada ya kuchapa.

Tunaita ukatili unyama, na sidhani wanyama wanastahili. Chui huua akiwa na njaa. Hamweki swala siku tatu bila maji ili akiri. Neno limeota mizizi, na katiba inalitumia, kwa hiyo sitakuzuia. Mimi huandika ukatili pale ninapoweza.

Kupokea

Kuna nusu moja ya utu ambayo miongozo huisahau: kumwachia uliyemtendea nafasi ya kukutendea. Asiyeruhusiwa kurudisha chochote amefungwa chini, hata kama amefungwa kwa kamba ya hariri. Ukimsaidia mtu, kesho muombe jambo. Muombe akuangalizie nyumba, akufundishe kusuka, akushauri juu ya mtoto wako. Akikuletea kitu, usiseme "hapana, wewe hali yako si nzuri". Pokea.

Pwani sahani ya jirani hairudi tupu. Ya bibi ilirudi alfajiri, imeoshwa ikang'aa, mtoto mkubwa wa mjane akiishika kwa mikono miwili. Juu yake kulikuwa na ndimu mbili kutoka mti wa uani kwao. Na sisi mti wa ndimu tulikuwa nao, tena uliozaa mpaka zikawa zinaoza chini. Bibi alizipokea, akazinusa moja moja, akaniambia nilete kisu. "Mwambie mama yako amenifaa," alimwambia yule mtoto. "Leo nilikuwa sijui mchuzi nitautia nini."